Pampu Inayobanika Magotini

Jumapili, Mji Mkongwe. Joto limeshika tangu alfajiri, mabega yananiuma kwa kupiga kasia jana, na nna furaha mpaka najionea haya.

Tangu baba yangu apate kiharusi, mkono wake wa kushoto hauna nguvu na hajakanyaga chombo. Yeye aliyeongoza boti maisha yake yote! Nami nina kayaki ya watu wawili. Kila nikimwita anakataa, anasema hataki kubebwa kama gunia.

Basi nikamtafutia kazi. Kayaki yangu ni ya kukaa ndani. Wimbi likiingia, maji hayatoki mpaka mtu ayafue, ayamwage nje. Nikanunua pampu ya mkono dukani Darajani, ndefu, ya kujivunia. Papara zangu hizo. Pampu ile yataka mikono miwili: mmoja ushike bomba, mwengine uvute mpini. Baba aliitazama, akanirudishia.

Nililia jikoni.

Ijumaa nikarudi Darajani, safari hii pamoja naye, achague mwenyewe. Akaomba kiti na ndoo ya maji, akazijaribu pampu moja moja mpaka akapata fupi inayobanika magotini, akavuta kwa mkono wa kulia. Duka likarowa, mwenye duka anacheka tu. Kisha akadai kipande cha mpira cha kuvika mdomo wa pampu, maji yamwagike nje yasimrudie mapajani, na sponji ya kuifunga ili ikimponyoka ielee. Mimi hayo ningeyajulia wapi?

Lakini moyo haukutulia. Kwa mabaharia wetu, kufua maji ni kazi ya mdogo kuliko wote chomboni. Nahodha hafui maji. Nimempa baba yangu kazi ya mwanagenzi, na niliogopa hata kumuuliza kama imemuuma.

Jana tukaingia baharini Mangapwani, yeye mbele, mimi nyuma. Hatujafika mbali, wimbi likatumwagikia, maji yakatufika vifundoni. Nikaacha kasia, nikainama nimsaidie. Kumbe keshaibana pampu, anavuta.

"Kamata kasia, nahodha," akasema bila kugeuka. "Maji niachie mimi."

Nikapiga kasia huku nalia. Alikuwa kanipa mgongo, hakuniona.

Leo, hata chai hatujanywa, kaniuliza maji ya bahari yanajaa saa ngapi.