Kamati ya harusi yangu haikuvunjwa

Jumapili, Euless. Tangu asubuhi unavuma ule upepo mkavu wa Texas, na ndege zinashuka chini kabisa juu ya paa letu, kama zinakuja kuchukua nguo nilizoanika kwenye roshani. Sikwenda kanisani. Nimekaa na chai iliyopoa, nimevaa shati la mume wangu, na moyo wangu ni mchungu kama shubiri.

Niseme jambo moja kwanza, nisije nikaeleweka vibaya. Ninampenda Elisante. Ninampenda mpaka nikitaja jina lake mbele za watu naona haya, kama mtu anayejisifu. Tumeoana mwaka huu huu. Kazi yangu ni kusukuma viti vya magurudumu pale uwanja wa ndege, na nikiiona pete kidoleni huku nimeshika mikono ya kiti, natabasamu peke yangu. Juzi bibi mmoja aliniuliza nina habari gani njema.

Habari yangu njema iko Ottawa.

Nilipokutana na Elisante alikuwa tayari ni mtu wa siasa za Kanada. Alizaliwa Moshi, akakulia huko karibu na Toronto, na alikuwa msaidizi wa waziri mmoja, mama ambaye sitamtaja. Alikuja Houston kwenye msiba wa ndugu yao, mimi nilikuwa jikoni kwa shangazi yangu nakatakata kabichi, akaingia kuomba maji. Aliyanywa taratibu sana. Baadaye akaniambia hakuwa na kiu.

Tulikubaliana mapema kwamba akishanioa ataachana na siasa na tutaishi hapa. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema. Alisema amechoka kula chakula cha jioni amesimama, na anataka nyumba yenye mke na televisheni inayoonyesha mpira tu. Nilimwamini. Baada ya harusi alikaa nami hapa Euless, akawa ananipigia pasi sare za kazi, anapika ndizi nyama zinazoungua chini na kubaki mbichi juu, na mimi nazila zote. Alishapata hata nafasi kwenye kampuni ya mizigo, wanasubiri makaratasi yake tu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini napanda ngazi mbili mbili.

Kisha Waziri Mkuu wa Kanada akajiuzulu.

Nakumbuka Elisante alikuwa amesimama hapo kwenye sinki anamenya vitunguu. Simu ikalia, akaisikiliza, akazima jiko. Yule mama waziri alikuwa anagombea kumrithi na alimtaka Elisante arudi. "Muda mfupi tu, mke wangu. Mpaka chama kipate kiongozi. Nikimwacha sasa hivi watasema nimemkimbia." Nikamfungia maandazi ya safarini. Nilijiona mke wa maana.

Kwa msioijua siasa yao, nami niliijua kwa kuolewa, iko hivi. Kiongozi wa chama kinachotawala akiondoka, nchi nzima haipigi kura. Wanachama wa chama ndio wanaochagua kiongozi mwingine, na huyo ndiye anayekuwa Waziri Mkuu. Kwa hiyo kila mgombea anakimbizana kuandikisha wanachama wapya kabla mlango haujafungwa. Wanakwenda misikitini, makanisani, kwenye vyama vya watu wa kila kabila.

Mume wangu alikwenda kwenye kamati ya harusi yetu.

Kila Mtanzania anajua kwamba kamati ya harusi huvunjwa. Harusi ikishapita watu wanakutana mara ya mwisho, wanakula, wanashukuriana, wanatukanana kidogo kuhusu nani alichelewa na vinywaji, mwenyekiti anatangaza kwamba kamati imevunjwa, na kila mtu anarudi kwenye maisha yake. Yetu haikuvunjwa. Ilikuwa kamati kubwa, watu wa Dallas, watu wa Houston, na ukoo mzima wa Elisante kule Toronto, wote kwenye grupu moja la simu. Kila nilipouliza tutaivunja lini, Elisante alisema tusubiri kidogo, watu bado wanatuma picha. Mimi nikaona ni mapenzi. Nikaona mume wangu hataki harusi yetu iishe.

Siku moja akaweka linki kwenye grupu. Akaandika, "Wanakamati wapendwa, naomba tena msaada wenu, jazeni hapa." Wanakamati hawaulizi maswali. Walijaza. Walijaza wa Toronto, sawa, hao ni haki yao, lakini wakajaza na wa Texas, ambao hata theluji hawajawahi kuikanyaga.

Shangazi yangu wa Houston alidhani ni albamu ya picha. Akapigiwa simu na kijana wa kampeni, anamshukuru kwa kujiunga na chama na kumuuliza chaguo lake la pili ni nani, maana kwao unawapanga wagombea, wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho. Shangazi akamjibu, "Baba, nina miaka sitini, nina mume mmoja na amenitosha. Huyo wa pili nimpeleke wapi?" Alinisimulia akicheka mpaka akakohoa. Majina ya watu wa Texas yalifutwa na maofisa wa chama, na Elisante akaomba radhi kwamba linki ilivuka mpaka kwa bahati mbaya. Nilicheka na mimi. Siku hizo nilikuwa bado nacheka.

Yule mama alishindwa. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilipika pilau, nikabadilisha mashuka, nikanyunyizia manukato mpaka kwenye pazia. Elisante alipopiga simu nilitegemea sauti ya mtu aliyefiwa. Ilikuwa sauti ya bwana harusi.

Kumbe watu wa yule mama, kura zao za chaguo la pili zilikwenda kwa mshindi, na ndizo zilizomvusha. Kwa hiyo mshindi anamshukuru mama, na mama akamsifu Elisante, na Elisante akapewa kazi katika ofisi ya Waziri Mkuu mpya. Nilikula pilau peke yangu, siku kadhaa.

Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta kura bungeni. Serikali yao haina nusu ya wabunge. Ina karibu nusu, na hiyo karibu ndiyo inayoninyima mume. Kila jambo kubwa likija ni lazima waombe kwa chama kidogo au kwa upinzani, na wakishindwa kwenye bajeti serikali inaanguka, nchi inakwenda kwenye uchaguzi. Mume wangu akawa mtu wa kushinda kwenye korido, anambembeleza huyu, anamwahidi yule. Nilikuwa namsikia kwenye simu akikata mazungumzo yetu kumjibu mbunge mmoja kwa ile sauti ya chini, laini, iliyonitoa mimi jikoni kwa shangazi.

Nilianza kufuatilia bunge lao kwenye simu wakati wa mapumziko, nimekaa kwenye kiti cha magurudumu kitupu. Mwenzangu wa zamu, Mkenya, alikuwa ananitania, "Wewe dada, wengine wanaangalia tamthilia, wewe unaangalia wazungu wakisimama na kukaa." Sikuweza kumweleza. Serikali ikianguka kuna kampeni, na Elisante haji. Ikisimama kuna kazi, na Elisante haji. Sijawahi kuona mchezo ambao mtu anafungwa na timu zote mbili.

Siku ya bajeti ilipita. Upinzani haukutaka uchaguzi, na haukutaka pia kuonekana umeiunga mkono serikali, basi wabunge wao kadhaa hawakutokea. Mmoja alikuwa na mafua, mmoja barabara ilimkatalia, mmoja alitaka kupiga kura kwa simu na mtandao ukasumbua. Bajeti ikapita kwa tundu la sindano. Elisante alinipigia amejaa fahari, yeye ndiye aliyekuwa amepanga nani augue. "Uzuri wake," akasema, "hakuna aliyesema hapana, na hakuna aliyesema ndiyo."

Nilikuwa nafikiria kwamba huyu mtu hajawahi kuniambia hatakuja. Hata mara moja. Alikuwa na kikao, akawa na mgeni, akawa na theluji.

Sasa nifike jana.

Jana nilikuwa kwenye foleni dukani, mkononi nina nyanya na pakiti ya sembe, simu ikaanza kutetemeka mfululizo. Grupu la harusi. "Hongera sana Mama Mheshimiwa." "Mke wa mbunge mtarajiwa, usitusahau." Picha za maua. Binamu yake mmoja ameandika, "Jimbo letu, mtu wetu." Nilisoma kutoka chini kwenda juu mpaka nilipofika kwenye tangazo lenyewe. Kuna mbunge mzee karibu na Toronto anastaafu, kuna uchaguzi mdogo, na mume wangu amekubali kuwania kiti hicho. Amekubali. Watu wengi walilijua jambo hilo kabla yangu, pamoja na yule mama aliyetuokea keki ya harusi.

Nilimpigia nikiwa kwenye gari, sembe mapajani.

"Nilitaka kukwambia uso kwa uso," akasema.

"Uso upi, Elisante? Ule wa kwenye bango?"

Akacheka kidogo, akadhani natania. Akaanza kunieleza. Jimbo lina Watanzania, Wakenya na Wakongo wengi, hakuna hata mmoja kama sisi aliyewahi kulishika, na kiti kimoja kwa serikali kama ile ni dhahabu. Alisema nikihamia huko tutakuwa na nyumba yenye bustani. Alisema anataka watu wamwone mke wake, maana hakuna mwanamke mzuri kama mimi kutoka Ottawa mpaka bahari ya mwisho. Na mimi, mjinga, nilijiangalia kwenye kioo cha gari.

Nikamuuliza, "Na Texas?"

"Miaka miwili tu, mama. Nipe miaka miwili, halafu chochote utakachosema."

Ndipo nikaitambua ile sauti. Ya chini, laini. Sauti ya korido.

Nilipofika nyumbani nilifanya kitu kimoja cha hasira. Mimi ni mmoja wa wasimamizi wa grupu, bibi harusi. Nikaandika, "Ndugu wapendwa, kamati ya harusi yetu imevunjwa rasmi leo. Asanteni kwa upendo wenu. Mungu awabariki." Nikawatoa wote, mmoja mmoja, mpaka mama mkwe. Kabla ugali wa ile sembe haujaiva Elisante alikuwa amefungua grupu lingine, watu wote wamehamia, na picha ya mbele ni sisi wawili tunakata keki.

Nilijua kwa sababu shangazi alinipigia. "Mwanangu, na mimi nimo humo."

"Shangazi, na wewe?"

"Nimeingia kusikiliza, nani atakuletea habari? Lakini nikwambie ukweli. Mjomba wako alinileta Houston kwa mwaka mmoja. Mwaka mmoja tu, mama. Huyu mwanangu wa mwisho sasa anamaliza chuo. Si kwamba nimejuta. Lakini hakuniuliza, na mimi sikusema."

Hilo ndilo lililokuwa kichwani nilipopigiwa leo saa nne. Wajumbe wa jimbo wanakutana kesho kutwa kumpitisha, na Elisante alitaka jibu langu, nitapanda ndege au sitapanda. Nilikuwa nimejiandaa tangu alfajiri. Nimeifuatilia siasa yao kiasi cha kutosha kujua nguvu ya mdogo. Chama kidogo kikisema hapana, mkubwa anaanguka. Nikajiambia mimi ndiye kura inayokosekana, na safari hii sitaugua mafua wala kuzuiwa na barabara. Nitasimama.

Nikasema hapana. Nikasema, "Tulikubaliana hapa, nyumba iko hapa, kazi yangu iko hapa. Sihami, na sitasimama kwenye picha. Ukitaka kiti, kichukue ukijua mkeo amekataa."

Nilisikia anavuta pumzi. Nilidhani dunia imesimama. Nilidhani atasema basi, naacha, nakuja. Nilikuwa nimeshaanza kumsamehe.

"Nimekusikia, mpenzi wangu," akasema kwa upole kabisa. "Usijali kuhusu picha. Tuna zile za harusi, na mama yangu mzazi atasimama nami jukwaani. Tutaongea vizuri baada ya uteuzi."

Hakukasirika. Hakubembeleza hata. Mimi niliyekuwa nimelala na hotuba kifuani, sikuwa kura aliyokuwa akiitafuta. Alikuwa na idadi ya kutosha bila mimi.

Nimekaa hapa tangu saa hiyo. Ninampenda, na ndiyo sehemu chungu kuliko zote, kwa sababu kama nisingempenda ningekuwa nimelala usingizi. Sijui kama nimeshinda kwa kusema au nimeshindwa kwa kutosikika. Najua nimesema neno langu, na sitalifuta.

Kutakucha, na nitaamka mke wake bado. Yeye ataamka nani? Mume wangu, au mgombea aliyeoa?