Sumni ya Bwana Shauri

Jumapili, baada ya misa

Ningesema "kichwa," leo tungekuwa tunafunga mizigo ya Tabora. Nimeambiwa hivyo tangu asubuhi, hata kanisani.

Tulilingana na Kisesa kwa pointi na kwa mabao, na jana tukatoka nao sare. Nafasi ya kwenda kucheza Tabora ni moja tu. Basi Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, akatoa mfukoni sumni, ile sarafu ya senti hamsini, akanigeukia mimi kapteni.

"Kichwa au simba?"

Kichwa chenyewe ni cha Malkia wa Uingereza. Na mimi wiki nzima nimekaa kwenye cherehani nikiwashonea vijana jezi, huku nikiwaambia kwamba nchi hii itakuwa yetu. Halafu nimchague Malkia mbele yao?

Nikasema simba. Sumni ikaanguka, Malkia juu.

Masanja, golikipa wetu, hajapanda treni maisha yake yote. Alilia pale pale uwanjani, na leo nje ya kanisa hakuitikia salamu yangu. Hilo limeniuma, sitaficha. Wengine wanasema wataninyang'anya ukapteni. Wachukue! Sumni ikirushwa tena kesho, nitasema simba.

Mchana huu Masanja amekuja nyumbani na jezi yake mkononi. Nikajua anairudisha. Akaitandaza juu ya cherehani, akagusa pale kifuani.

"Kapteni, hapa nishonee simba."

Nimekata simba kumi na mmoja.