Unga Ambao Hukuutuma

Moshono, Arusha

Dada Esta,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Natumaini uwele umeshavunwa na kuingia ghalani na shemeji ameacha kubishana na daktari. Mimi nimeumwa sana, Dada, nikakuficha. Naandika kwa sababu kwenye simu, nikisikia sauti yako, nadanganya. Ukimaliza kusoma utaniambia kama Krismasi bado nina pa kuja.

Kuna wamama wa kanisani huku wanakushukuru kwa unga ambao hukuutuma.

Mwezi uliopita nilianguka kazini nikichanganya zege. Hospitali wakanipima, wakakuta nina virusi vya UKIMWI. Nilikuwa nimebaki kilo arobaini na tatu, mimi niliyekuwa nabeba mfuko wa saruji kwa bega moja. Nikaanzishiwa dawa. Muuguzi akanipa na unga lishe, akasema, "Huu nao ni dawa yako. Usigawe, hata kwa mtoto. Dawa bila chakula zitakushinda." Kweli, zile dawa zilileta njaa ambayo sijawahi kuiona. Bila ule uji ningeziacha.

Chumbani kwangu kuna panya, kwa hiyo ule unga niliumimina kwenye kopo nikamwomba mama mwenye nyumba, Mama Elibariki, aniwekee jikoni kwake. Akauliza ni unga gani. Nikaona haya, nikasema dada yangu kanitumia kutoka Iramba.

Jumatano ibada ya jumuiya ikawa kwake. Maziwa aliyoahidiwa hayakuja, chai ya rangi akaona aibu kuwapa wageni, akakumbuka kopo langu, akawapikia uji. Niliporudi nilikuta limeoshwa, limeanikwa. Naye anacheka: "Fundi, nipe namba ya dada yako. Wamama wanataka kumshukuru na kumuuliza anachanganya nini. Unga tutakurudishia."

Siku ya kliniki ilikuwa bado mbali. Ningeweza kunyamaza, unanijua kwa kiburi. Lakini njaa ilinibana, nikakaa pale kizingitini nikalia, mtu mzima na ndevu zangu, nikamweleza yote.

Mama Elibariki akasema, "Kwa hiyo nimewalisha wazima chakula cha mgonjwa." Akaenda shambani akakata mkungu wa ndizi, akapika mtori, akanikalisha mezani pamoja na watoto wake. Tangu siku hiyo nala hapo, na kliniki wamenipa unga mwingine. Juzi nimepimwa, nimeongeza kilo mbili. Mama Elibariki ameahidi hatasema kwa mtu, ila kanibana: "Mwandikie dada yako. Mimi simshukuru mtu kwa uongo."

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu anayekusaidia watoto mwambie simu yake niliiona, nilishindwa tu kupokea. Mjomba wa kule bondeni asiambiwe kwanza.

Sasa Krismasi. Wewe ndiye uliyenilea mama alipofariki, kwa hiyo nakuuliza wewe. Wanao wamezoea kulala kitanda kimoja na mimi na kula nami sahani moja. Muuguzi amesema hilo halimwambukizi mtu. Lakini nyumba ni yako, na ukiona heri nilale peke yangu, sema. Ukisema nisije kabisa, nitaumia, lakini nitakusikia.

Usininyamazie tu, Dada.

Mdogo wako,
Yona