Rimu Kubwa za Gari Lako

Dada mpendwa,

Huku tunajikongoja. Paa halivuji tena, na paka wako amezaa chini ya kitanda changu.

Lile gari dogo uliloniachia nililifungia rimu kubwa za kung'aa. Fundi alinionya, "Kaka, ukipakia watu nyuma, matairi yatasugua bodi." Nikamcheka. Jumanne nikimpeleka Mama kliniki, yeye amekaa nyuma, nilikata kona, tairi likasugua bodi likapasuka, tukagonga ukuta. Mama amevunjika nyonga.

Hata wodini ananitetea. Alinishika mkono akasema, "Mwandikie dada yako kwamba niliteleza bafuni." Nilianza kuandika hivyohivyo, Dada, kalamu ikagoma. Njoo umwone kwanza. Mimi utanigombeza baadaye.

Mdogo wako,
Kitindamimba