Asubuhi Simu Isipolia

Syokimau, 6 Oktoba 2025

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyonga inakuruhusu kulala. Sisi hatujambo, Peris na watoto wanakuamkia.

Utafiti wetu wa Katangi umekamilika. Mtaalamu wa mito, muuguzi na mimi wa sosholojia tuliuliza kila nyumba: mto ukijaa, nani hukuonya usivuke? Karibu wote walijibu, "Mwalimu Wayua hupiga simu," yaani wewe. Wenzangu wamefurahi, wanataka kuandika kwamba kijiji kiko imara. Mimi nimeogopa. Upasuaji wako ni Novemba, mwezi wa mvua. Ukiwa hospitalini, nani atatazama maji?

Mwanao,
Festus

Katangi, 15 Oktoba 2025

Mwanangu Festus,

Salamu nyingi kwenu. Mimi mzima, ila nyonga inalalamika kuliko marehemu babako.

Ulisomeshwa hadi chuo kikuu uje kunieleza kwamba mto una maji? Watu hawa niliwafundisha mimi, na wengine niliwachapa. Alama nyekundu ya hatari iko kwenye nguzo pale kivukoni, na kila mtu ana macho. Upasuaji na ungoje. Siwezi kuondoka mvua ikikaribia.

Mama yako

Syokimau, 22 Oktoba 2025

Mwaitu,

Habari za huko, na mguu unaendeleaje? Kama kila mtu ana macho, mbona huwezi kuondoka? Daktari anasema ukiikosa nafasi hii huenda usitembee tena. Sitaweka sahihi yangu kwenye neno "imara" kabla hujanijibu.

Mwanao,
Festus

Syokimau, 5 Novemba 2025 (ujumbe wa simu)

Mama, u mzima? Nasikia huko kwenu Yatta imenyesha. Nimekupigia tangu alfajiri, simu imezimwa. Nijibu hata neno moja.
Mwanao

Katangi, 7 Novemba 2025

Mwanangu,

Mimi sijambo, na wote waliovuka hawajambo. Nisamehe kwa hofu niliyokutia. Simu niliizima makusudi, nione kama watu wataiangalia alama. Juzi maji yalikuwa ya magoti tu, na Yahye, yule mchuuzi wa mbuzi, alikubali kusimama ukingoni na kamba. Mimi niliketi kando, nikatazama.

Walivuka wote. Hakuna aliyegeuka kuitazama nguzo. Nilimwita Kasyoka, aliyevuka na mtoto mgongoni: "Umeangalia alama?"

Akacheka. "Mwalimu, si hukupiga?"

Festus, hapo nilikuelewa. Ningekuwa nimekufa usiku, na maji yamefika shingoni, wangeingia vivyo hivyo. Leo mwethya, kikundi chetu cha kazi za pamoja, kinakutana. Haya ndiyo nitakayowaambia:

"Mheshimiwa chifu, padri wetu, wazee wa ukoo, viongozi wa mwethya, wafanyabiashara wa soko, akina mama na vijana: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake. Juzi mliingia mtoni kwa sababu mimi sikupiga simu. Hamkujua kama nalala, naumwa, au nimezikwa. Miaka yote hii nilijivunia kuwalinda, na sikuona kwamba nilikuwa nawapokonya macho. Jumatatu naingia hospitali. Kuanzia leo simu yangu haimwonyi mtu, wala kunyamaza kwake hakumruhusu mtu. Upande wa soko utatoa walinzi wawili, upande wa shule wawili, na hakuna atakayekanyaga maji kabla mlinzi aliyesimama penye nguzo hajasema 'vukeni'. Nataka majina manne, na hakuna anayeondoka hapa kabla hayajatajwa."

Mama yako