Maranda ya Muhugu

Jumatatu, 7 Julai 1980
Baridi. Nimeosha vizimba vyote kabla ya chai. Panya wetu wana saratani ya tezi, inayoanzia kwenye chembe za kinga ya mwili, jamaa ya ile inayowafurisha watoto taya kule kwenye wadi ya hospitali. Daktari Wanjohi anawajaribia dawa. Nusu wanadungwa dawa, nusu maji ya chumvi tu, ya kulinganishia. Mimi nawalisha na kuwapima uvimbe. Naipenda kazi hii. Hapa mtaani kwetu Jericho majirani wananiita Mama Panya, na chai yangu wanakunywa vilevile.

Jumatano, 9 Julai
Maranda ya kutandikia vizimbani yamekwisha. Lori la kiwanda cha mbao halijaja. Mume wangu Mutiso akanijazia gunia la maranda yanayobaki akichonga vinyago vyake vya twiga. Mti wa muhugu mtupu, yananukia nyumba nzima. Hayakutosha wote. Nimewapa wa dawa, maana dawa inawachosha, wamekonda. Wengine magazeti.

Ijumaa, 18 Julai
Uvimbe wa panya wa dawa umepungua. Daktari ametabasamu kutwa. Nimenunua nyama.

Jumatatu, 21 Julai
Daktari aliinama kwenye kizimba, akanusa. Akauliza harufu ni ya nini. Nikamweleza, tena kwa kujivuna kidogo. Akaketi.

"Mama Mwende, sasa nitajuaje kama ni dawa au ni mti?"

Kumbe mafuta ya mti wenye harufu huweza kubadilisha dawa inavyofanya kazi mwilini. Na wakubwa wakikosa majibu ya kuaminika wataufunga mradi. Nimeona haya. Nimefika nyumbani nikamfokea Mutiso bure.

Jumanne, 22 Julai
Wakubwa wamekubali turudie, mara moja tu. Panya wapya, matandiko ya aina moja kwa wote. Mutiso anasema angalau panya wamejua mti mzuri. Nimecheka nikiwa bado nimenuna.

Alhamisi, 21 Agosti
Wa dawa wamepungua uvimbe tena, juu ya maranda yaleyale ya kiwandani kama wenzao. Ni dawa. Mradi unaendelea. Daktari alinishika mkono. Nina furaha.

Kabla ya kutoka nikapita kwa wale wa maji ya chumvi. Wamevimba, wamejikunyata pembeni. Nimewaonea huruma sana. Nikawabadilishia maji ya kunywa, kama wengine. Sikuwaongezea kitu.