Mume Wangu, Paja Uliloniletea Lilikuwa na Maziwa

Mume wangu Daudi,

Anayeshika kalamu ni Mama Gloria wa ghorofa ya saba, yule Mrundi anayefuma masweta. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha asinipunguzie neno. Barua itatoka kwenye jarida la jumuiya yetu, lile linalogawiwa kanisani na kutumwa mpaka huko Sudbury ulikohamia. Nimetaka watu waisome. Nilichokuambia Novemba iliyopita nilikisema mbele za watu, basi na haya yasemwe mbele za watu.

Usidhani kwa kuwa mwaka unakaribia kuisha mimi nimepoa. Mpaka leo nikiingia bafuni natazama kwanza ndani ya hodhi la kuogea, kisha ndiyo nawasha taa ya kioo.

Lakini nianzie mbali, maana kosa halikuanzia bafuni.

Unakumbuka tulipofika Etobicoke, hapahapa Toronto, kwa mjomba wako, una miaka minane, mama yako ana miaka minne kaburini? Tulisimama kituo cha basi mimi na wewe, mifuko ya plastiki ndani ya viatu, theluji inatupiga usoni. Uliniuliza kama simba wa huku wanaishi chini ya theluji. Nikakujibu ndiyo, wengi sana, ili utembee haraka. Ukalia. Nikakuvuta ndani ya koti langu, nikaanza kukusimulia habari za babu yako ili usahau baridi.

Nilikuambia babu yako alikuwa mwindaji wa Manyoni, mwenye gobore la kushindilia baruti kwa ufito. Nilikuambia kwamba kwao mwindaji akirudi haingii ndani mpaka paja la nyuma la kulia alitue miguuni pa bibi yake, kwa sababu bibi ndiye mke wa kwanza wa mwanamume. Baada ya hapo ndipo masufuria mengine yanapata. Ukasema, "Mke wangu, nikikua nitakuletea paja." Nikakujibu usiponiletea naomba talaka. Tulicheka mpaka dereva wa basi akatugeukia. Kila asubuhi ukataka hadithi hiyohiyo, na ukiniona naruka mahali, unanirudisha.

Ukakua. Ukapata kazi kiwandani, ukapata rafiki wawili Wakanada, yule wa ndevu nyekundu na yule mfupi, wakakufundisha bunduki. Novemba iliyopita ukanipigia simu asubuhi ya Jumamosi: "Mke wangu, bandika sufuria."

Nilivaa kitenge kipya. Nikamwita Mama Gloria aje ashuhudie jinsi mwanamume anavyomheshimu mkewe. Mkatoka kwenye lifti watatu, mmebeba paja ndani ya mifuko myeusi ya taka, damu inadondoka kwenye zulia la korido, na ukalitua miguuni pangu pale mlangoni, la kulia, la nyuma, kama nilivyokusimulia. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakafungua milango. Wenzako waliona aibu, wewe hukuona. Uliniambia ni musi, yule mnyama wenu mkubwa kuliko pofu wa porini kwetu, miguu mirefu, pua kama imefinyangwa na mtu mwenye haraka. Sikujali pua. Mume wangu kaniletea paja.

Tukaliingiza kwenye hodhi nilioshe, maana jikoni halikuenea. Kiwele kilikuwa bado kimening'inia. Yule wa ndevu alieleza nawe ukanitafsiria, kwamba sheria inataka kiachwe ili askari wa wanyama akikusimamisha njiani ajue umepiga jike kama kibali kinavyosema. Haya. Nikashika kiwele nikiondoe. Mimi ni binti wa wafugaji, Daudi. Mkono wangu ulijua kabla sijafikiri. Nilibana kidogo, na maziwa yakatoka. Meupe, ya baridi, yakachuruzika juu ya damu mpaka kwenye tundu la maji.

Nilikuuliza ndama yuko wapi.

Ulisema ameshakuwa mkubwa, anajitafutia. Nikakuuliza tena. Ukasema, "Bibi, kibali kilisema jike. Serikali yenyewe imeandika."

Nikakuambia serikali haina matiti.

Mama Gloria alicheka, nawe ukacheka, ukadhani yamekwisha. Ndipo yule mfupi, ambaye hakuelewa hata neno, akatoa kaseti ya vidio akaitia kwenye mashine yetu ili anifurahishe. Nikaona. Niliona theluji na miti myeusi, na jike amelala ubavu. Niliona yule wa ndevu amemtia mnyama sigara mdomoni, na wewe umemkalia shingoni unapigwa picha. Nyuma yenu, hatua kumi tu, alisimama ndama. Hakukimbia. Alikuja mpaka karibu akanusa miguu ya mama yake, na yule wa ndevu akawa anamtupia matonge ya theluji ili aondoke. Anarudi nyuma kidogo, anakuja tena. Sikuelewa Kiingereza mlichokuwa mnasema. Lakini kicheko chako nakijua, nimekilea mwenyewe.

Nyama nimekula maisha yangu yote, na ya porini ndiyo iliyonikuza. Sichukizwi na damu wala na bunduki. Kilichonitapisha ni sigara ile, na wewe juu ya shingo, na mikono yangu inayonuka maziwa ya mtoto wa mwingine.

Hapo ndipo nikasema, wenzako wamesimama, Mama Gloria amesimama, mlango uko wazi na majirani wanasikia: "Mama yako angekuona leo, angekutapika."

Ulisema, "Sawa, Bibi." Ukavaa kofia yako. Hukupiga mlango, uliuvuta taratibu kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Tangu siku hiyo sijasikia sauti yako. Krismasi ulimpigia mjomba wako, ukasikia nakohoa kando ya simu, ukaaga.

Sasa nikuambie usiyoyajua.

Lile paja sikulitupa. Nilikaa ukingoni mwa hodhi nikalitazama, nikaona nikilitupa mnyama yule atakuwa amekufa kwa ajili ya kupigwa picha tu. Nikalikata. Nilichemsha siku mbili, tangawizi, vitunguu, ndimu nyingi, tukagawa ghorofa tatu. Na mimi nilikula. Ilikuwa tamu, Daudi. Nililamba vidole. Kichefuchefu nilichokipata baada ya kulamba vidole kilizidi kile cha kwanza, na kwa hicho sikuwa na mtu wa kumlaumu ila mimi.

Ndipo nikaanza kujiuliza hadithi ya babu yako niliimaliza wapi kila asubuhi pale kituoni. Nilikuwa naimalizia kwenye paja. Sikukuambia kwamba babu yako akivizia alitazama kwanza kati ya miguu ya nyuma. Akiona kiwele kimejaa, anashusha gobore. Siku moja alirudi mikono mitupu, watoto wamelalia uji siku ya tatu, akaniambia alimwona tandala jike karibu kiasi cha kumtemea mate, akamwacha kwa kuwa alikuwa ananyonyesha. Nilimtukana. Nilimwambia akamwoe huyo tandala. Alichukua jembe akaenda kuchimba mihogo ya jirani kwa kibarua.

Hiyo sikukusimulia hata mara moja. Haina nyama mwishoni, na mtoto anayetetemeka kituoni anataka nyama mwishoni. Halafu nani angefikiri mtu atayahitaji hayo Toronto? Nilikupa heshima ya kuleta, sikukupa heshima ya kuacha. Wewe ulifanya barabara kila nilichokufundisha. Nusu yako ni sigara na kicheko, hiyo ni yako, ujibebee. Nusu nyingine ni yangu.

Na lile la mama yako nilimsingizia marehemu. Mwanangu hakuwahi kukutapika. Siku yake ya mwisho hospitali ya Manyoni, ulimi umeshakuwa mzito, aliniuliza jambo moja tu, kama Daudi amekula. Nilimjibu umekula.

Mjomba wako anasema umepata kibali tena, mnaingia msituni theluji ikianguka. Nenda, sikukatazi, wewe ni mtu mzima. Lakini sitaki uingie porini kwenye bunduki za watu ukiwa na neno langu mgongoni. Neno la mkubwa kwetu haliondoki kwa simu, wala kwa barua hii, hata Mama Gloria aandike vizuri namna gani. Linaondoka kwa maji. Bibi anatia maji mdomoni, anamtemea mjukuu kifuani, basi, limekwisha, hakuna anayelitaja tena. Kwa hiyo lazima uje. Pitia kwangu kabla ya kwenda huko. Waje na wale wawili, walisikia ubaya, waone na haya. Yule wa ndevu nina maneno yake ya sigara, utanitafsiria bila kupunguza.

Ukifika usigonge mara mbili. Nitakuwa nimesikia lifti, na maji nitakuwa nimeshayatia mdomoni, kwa hiyo usinisemeshe mlangoni, sitaweza kukujibu. Fungua vifungo vya shati, usimame tu.

Mkeo wa kwanza,
Bibi yako, mzaa mama yako